Sauti ya Pili Nyuma ya Marikani

Jumatatu, 23 Machi. Mawingu, joto.

Nimerudi shule leo baada ya ruhusa ya Idd. Baba alinishusha getini, hapa Toangoma, akasubiri mlinzi afungue, kisha akasema lile analolisema kila muhula: "Kusoma, soma. Kuimba, usiimbe."

Nikasema, "Haya, Baba."

Hajawahi kunieleza sababu, nami sijawahi kuuliza. Sababu inajulikana. Shule ni ya masista, nyimbo ni za kanisani, na sie ni Waislamu wa Buguruni. Amenileta hapa kwa ajili ya hesabu na sayansi. Alishasema wazi kwamba akisikia nimeingia kwaya, ananihamishia shule ya kutwa karibu na duka lake.

Kwa hiyo naandika hapa, maana hakuna mtu wa kumwambia: nimo kwenye kwaya. Au nusu yangu imo.

Ilianza Februari. Mwalimu Albano, anayefundisha muziki na maigizo, alinikuta nje ya bwalo nikifuatisha sauti ya pili peke yangu, chini chini. Yeye hufundisha wimbo kwa noti kwanza. Wiki nzima ni do re mi tu, mpaka kila sauti ijue njia yake, ndipo maneno yaletwe. Sauti ya pili ya shule yetu hupotea njia kila mara. Akaniambia nikasimame katikati yao.

"Mwalimu, baba amenikataza kuimba."

"Amekukataza kuimba nini?"

"Nyimbo."

"Noti si wimbo bado, Nusaiba. Noti ni matofali. Umeona wapi mtu anasali ndani ya rundo la matofali?"

Nikafikiri usiku mmoja, nikakubali kwa sharti langu mwenyewe. Naimba noti. Yakianza maneno, nafunga mdomo. Wakiingia kanisani, mie nabaki nje. Mpaka leo sijavunja hata mara moja.

Jumanne, 24 Machi. Jua.

Maharage. Chausiku amenyolewa upya, kichwa kinang'aa kama sufuria mpya ya mwali. Yeye ni rafiki yangu, analala kitanda cha chini, anaimba sauti ya pili na anachora. Shule nzima wananyoa, isipokuwa kwamba mie nina mtandio juu ya upara wangu.

Ijumaa, 27 Machi. Mvua ya kwanza, alasiri.

Ilianza tukiwa kwenye mazoezi. Kwanza tone moja moja juu ya bati la bwalo, halafu bati lote likaitikia. Mwalimu Albano aliacha kupiga kinanda. Tulisimama tu, midomo wazi. Nilikuwa katikati ya so na la, na nikahisi kama nimesimama kwenye ngazi ndani ya maji ya vuguvugu, sijui kama napanda au nashuka. Mvua ilipopungua tulikuta sote bado tuko kwenye noti ileile. Hakuna aliyeitoa. Ilikuwa imebaki humo yenyewe.

Jumapili, 5 Aprili. Manyunyu. Pasaka ya wenzangu.

Nilikaa kwenye kibaraza cha bweni, mkabala na kanisa. Wimbo ulinifikia vipandevipande, manyunyu yakiula pembeni. Kwenye ubeti wa tatu sauti ya pili iliteleza kama nguo inavyoteleza kwenye kamba. Niliuma mtandio.

Chausiku alikuja baadaye na sahani ya pilau ya sikukuu.

"Umetuacha tumezama, shosti."

"Mlishuka kwenye fa."

"Fa gani? Tulishuka kwenye kila kitu. Sista Demetria alifumba macho, nikadhani anasali, kumbe anavumilia."

Alhamisi, 9 Aprili. Mawingu.

Leo tumeambiwa habari za Tamasha la Sanaa, Jumamosi ya tarehe 23 Mei. Kidato cha Nne wana igizo. Mji mmoja unaamka asubuhi umesahau majina ya vitu vyote. Mwuza maji hajui aite nini anachouza. Mama anamtazama mwanawe hajui amwiteje. Mwishoni mvua inanyesha na kuwarudishia majina, moja baada ya jingine. Mvua ni sisi, kwaya. Wimbo ameutunga Mwalimu Albano mwenyewe.

"Huu si wa kanisani," aliniambia. "Ni mlango, ndoo, kikombe, mwana. Uimbe na maneno yake."

"Baba hakusema 'za kanisani', Mwalimu. Alisema 'usiimbe'."

"Haya, mtu wa matofali. Baki na matofali yako."

Usiku nikaota mji huo. Kila mlango ukiufungua, ndani mna noti moja tu, imekaa kama mgeni anayesubiri chai.

Jumapili, 12 Aprili. Jua, kisha mawingu. Siku ya kutembelewa.

Baba alikuja na Bibi Shaima, mama yake, ambaye ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Walileta pilau, kachumbari na visheti. Bibi alinivuta mkono kabla hata sijamaliza shikamoo.

"Njoo hapa, mke mwenzangu. Mbona umekonda? Hawa masista wanakulisha sala?"

"Wananilisha maharage, Bibi."

"Ndiyo yaleyale."

Baba alicheka kidogo. Yeye hucheka kwa pua, kama anayeogopa kuonekana.

Sista Demetria, mkuu wa shule, alikuja kuwasalimu. Alishasikia kwamba Baba anauza vitambaa, akamweleza kuwa Tamasha linahitaji kitambaa cha kuchorea mandhari ya nyuma ya jukwaa.

"Nitaleta jora zima la marikani, Sista," alisema Baba. "Sadaka."

"Basi na wewe utakuja kuiona jukwaani, Mzee Thuwaini. Viti vya mbele."

"Inshallah."

Baada ya kula nilipeleka vyombo bombani. Maji yalikuwa yanatoka vizuri, jua linapiga ndani ya povu, na sijui lini nilianza. Nilikuwa naimba ile sauti ya pili, bila hata do re mi, sauti tu. Nilipogeuka, Baba alikuwa nyuma yangu ameshika mfuniko wa hotpoti. Uso wake sikuutambua. Aliuweka mfuniko juu ya ukuta wa bomba, polepole, akaenda mpaka getini, akasimama akitazama barabara.

Bibi alinishika bega. Utani ulikuwa umemwisha. "Nyamaza, mwanangu. Nyamaza tu."

Hawakukaa hata mpaka alasiri.

Jumatatu, 13 Aprili. Mvua.

Amekasirika. Nimeipanga siku ya jana upya kichwani na jibu ni lilelile. Sikutamka neno hata moja, na bado amekasirika.

Jumamosi, 18 Aprili. Mvua usiku na mchana.

Jora limefika. Limeshonwa vipande vitatu, limetandazwa sakafuni bwaloni. Chausiku na wenzake wanatambaa juu yake na makopo ya rangi kama wanaofua mto.

Jumanne, 21 Aprili. Mvua.

Mtihani wa fizikia. Godoro la Chausiku limelowa, tunalala wawili juu.

Jumapili, 26 Aprili. Mvua.

Ndoto tena. Safari hii mji ulikuwa Buguruni, lakini soko lilikuwa kimya, watu wanapima nyanya bila kusema. Mwanamke mmoja alikuwa ananiosha miguu kwenye karai. Sikumwona uso. Mama yangu, Hayat, namjua kwa picha moja tu, na kwenye picha hiyo anatazama pembeni.

Alhamisi, 30 Aprili. Mawingu.

Mandhari karibu inakamilika. Kuna mtaa, milango ya bluu, mkokoteni wa maji, mfenesi, mbuzi mmoja anayefanana na Mwalimu Albano. (Chausiku anakana.) Lakini nusu ya juu yote ni nyeupe.

"Na huku juu?"

"Mbingu."

"Nyeupe?"

"Bluu imeishia kwenye milango. Halafu, mji umesahau majina ya vitu vyote. Mbingu itajuaje kwamba ilikuwaga bluu?"

Jumatatu, 4 Mei. Mvua kubwa.

Leo nimekamatwa, kama ni kukamatwa.

Sista Demetria aliingia bwaloni katikati ya mazoezi. Alisikiliza huku mwavuli wake ukichuruzika. Kisha macho yake yakafika kwenye safu yetu, kwenye vichwa vyote vile vitupu na mtandio wangu katikati. Jioni aliniita ofisini.

"Baba yako anajua?"

"Naimba noti tu, Sista. Maneno siimbi."

"Nani kakufundisha ujanja huo? Mwalimu Albano?"

Nikashika ncha ya mtandio.

"Keti." Alinimiminia chai, akaongeza sukari bila kuuliza. "Nusaiba, tulivyokaa hapa na baba yako miaka miwili iliyopita, aliniomba jambo moja tu. Hakuomba punguzo la ada wala chakula maalumu. Alisema, 'Sista, huyu asiimbe.' Nikampa neno langu. Hakunitajia noti, hakunitajia maneno. Sasa mimi nimeshika ahadi au sijashika?"

"Hujashika, Sista. Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yetu. Basi sikiliza. Utamwambia mwenyewe, kabla ya Tamasha. Akikubali, uimbe hata kwa maneno. Asipokubali, au usipomwambia, huimbi. Wala noti."

Nilikuwa namwona Sista kama kufuli. Leo nimeona ni mtu aliyebeba kitu cha mwenzake na anaogopa kukidondosha.

Jumapili, 10 Mei. Mvua.

Zamu ya simu ya matroni. Nilimpigia Baba.

"Marikani yetu imependeza?" aliuliza.

"Imependeza sana, Baba."

"Nitakuja nione."

"Baba..."

"Naam."

Nilisikia mvua ya Buguruni upande wake na mvua ya Toangoma upande wangu. Nikaona shule ya kutwa karibu na duka. Nikaona kitanda cha juu kimelaliwa na mtu mwingine.

"Msalimie Bibi," nikasema.

Jumatatu, 11 Mei. Mvua.

Nimejitoa kwenye mazoezi. Mwalimu Albano hakunibembeleza. Alisema tu, "Nitakosa ukuta."

Jumapili, 17 Mei. Mvua.

Zamu ya simu. Sikuchukua.

Ijumaa, 22 Mei. Mawingu mazito, hakuna upepo.

Nimepewa kazi. Jukwaa liko karibu na mlango wa nyuma wa bwalo na upepo wa mvua hupuliza mandhari, kwa hiyo nitakaa nyuma ya marikani nishike kamba ya pembe moja. Kwaya nao watasimama huko nyuma, wasionekane, kwa kuwa mvua haionekani ikitoka. Nitakuwa pembeni mwa sauti ya pili, karibu ya kugusa bega la Chausiku, nimeshika kamba. Sitaimba. Nimeshalala na uamuzi huo siku kumi na umetulia.

Jumamosi, 23 Mei. Tamasha.

Naandika polepole ili nisiruke kitu.

Asubuhi kulikuwa na jua la ajabu, jua lililooshwa. Wazazi walianza kufika baada ya adhuhuri. Kidato cha Kwanza walipiga marimba, kisha yakaonyeshwa maonyesho ya vikapu na picha. Nilimtafuta Baba nimwambie, hata dakika ile ya mwisho. Hakuwepo. Igizo lilipoanza, saa kumi na moja, mawingu yalikuwa yamerudi na bwalo limeingia giza la magharibi. Nilichungulia pembeni mwa marikani. Viti viwili vya mbele ndiyo kwanza vilikuwa vinakaliwa, Baba akipangusa maji kwenye kanzu yake, Bibi Shaima akimwambia Sista kwa sauti ya kusikika na wote, "Foleni ya Mbagala, mwanangu, ukiingia kijana unatoka ajuza."

Nikarudi kwenye kamba yangu.

Igizo lilikwenda vizuri. Mwuza maji aliwachekesha. Msichana aliyeigiza mama alimtazama mwanawe, akafungua mdomo amwite, jina halikuja, na watu wakanyamaza kweli kweli. Hapo ndipo mvua, yaani sisi, yaani wao, walipotakiwa kuanza. Mwalimu Albano aliweka vidole kwenye kinanda.

Na mvua yenyewe ikaanza. Haikuja tone moja moja. Ilimwagika yote mara moja, bati likapiga kelele, na umeme ukakatika.

Kinanda kikafa. Giza. Sauti ya kwanza walikuwa wameshaanza neno la kwanza, likavunjika. Sauti ya pili hawakupata pa kuanzia. Nilimsikia Chausiku pembeni yangu akitafuta noti, akaishika, ikamponyoka. Mtu mmoja alicheka kwa woga. Upande wa pili wa kitambaa yule msichana alikuwa bado amesimama mbele ya mwanawe, hana jina la kumwita, na mji mzima ulikuwa unatusubiri.

Mfaume, mlinzi, aliingia kwa mlango wa nyuma na taa ya chaji, akaiweka chini nyuma yetu ili tuonane. Ndani ya mwanga huo niliona uso wa Mwalimu Albano. Alikuwa hanitazami. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza kama ukuta upo au haupo.

Nilifungua mdomo.

Nilitoa so. Kisha so tena, kisha la. Niliimba noti, kwa kuwa maneno sikuwahi kuyaweka mdomoni na hata leo sijui yangekaaje. Chausiku aliingia nami, naye badala ya maneno akaingia na noti, kwa mazoea ya miezi mitatu ya kuniegemea. Sauti ya pili yote ikafuata. Na sauti ya kwanza, waliokuwa wamepoteza kila kitu, wakashika walichokisikia. Hivyo kwaya nzima ya shule, mbele ya wazazi na wageni, iliimba wimbo wote kwa do re mi. Hakuna jina hata moja lililorudi mjini. Mlango haukutajwa, wala ndoo, wala kikombe. Ilikuwa mvua tu, ya juu na ya chini, na sikuweza kusema ipi inatoka kwenye bati na ipi inatoka kwetu. Yule msichana wa Kidato cha Nne akaona hakuna neno linalokuja. Alipiga magoti akamkumbatia mwanawe bila kumwita.

Kilichotokea mbele nilikijua baadaye kwa Chausiku, aliyeambiwa na waliokaa. Taa ya Mfaume ilikuwa nyuma yetu, na mbele yetu kulikuwa na ile mbingu isiyopakwa rangi. Vivuli vyetu vyote vilipita kwenye marikani. Watu waliona juu ya paa za mji safu ya vichwa vya mviringo, na kimoja chenye mtandio, mkono umeinuliwa umeshika kamba, mdomo wazi.

Umeme uliporudi watu walipiga makofi mpaka mvua ikazidiwa. Mie nilichungulia. Kiti cha Baba kilikuwa kitupu.

Nilimkuta kwenye kibaraza cha bwalo, mgongo kwangu. Sista Demetria alikuwa ameshamfikia.

"Mzee Thuwaini, nilikupa neno langu. Nisamehe."

Maji yalikuwa yanaanguka kutoka kwenye bati mbele ya uso wa Baba kama pazia.

"Marikani imelowa, Sista?"

"Imelowa kidogo, pembeni."

"Msiikamue. Itapoteza umbo. Nitatuma gari liichukue, nikaianike."

Akamshika Bibi mkono, wakaenda. Bibi aligeuka mara moja, akaweka kiganja kifuani kwake. Sikujua maana yake.

Jumapili, 24 Mei. Jua.

Nimefungasha nguo za ruhusa ya Idd ya kuchinja. Nimefungasha na vitabu vyote, ikiwa sitarudi. Chausiku amenisaidia kukunja bila kuongea, kisha akasema, "Ukienda hiyo shule ya kutwa, mie nitashukaga kwenye fa maisha yangu yote." Tukacheka, tukalia.

Jumanne, 26 Mei. Buguruni. Jua kali, mawingu meupe. Kesho Idd.

Kutwa nzima jana Baba hakutaja kitu. Alikwenda dukani, alirudi, alikula. Leo baada ya alasiri aliniita uani.

Alikuwa ametundika marikani ya shule kutoka ukutani mpaka kwenye nguzo ya tangi. Mtaa wa Chausiku ulikuwa umejaa uani kwetu. Mvua ilikuwa imeteremsha bluu ya milango, ikachirizika mpaka kwenye miguu ya mbuzi. Juu pamebaki peupe.

"Shika pembe," alisema. Nikashika. Hatukukunja. Tulisimama tu, kila mmoja na pembe yake.

"Mama yako hakuwa anajua maneno ya wimbo hata mmoja."

Nilikaza pembe yangu.

"Anaanza vizuri. Katikati yanampotea. Basi anaendelea na sauti tu, mpaka mwisho. Anaosha vyombo, hivyo. Anakuogesha, hivyo. Mie namwambia, Hayat, si ujifunze maneno? Ananiambia, maneno ya nini, na wewe umeshaelewa?" Alivuta kitambaa kidogo, ingawa kilikuwa kimenyooka. "Alipofariki ulikuwa na miaka minne. Ukawa unachezea maji kwenye karai, unaimba vilevile. Sauti ileile. Nikakwambia nyamaza. Ukanyamaza. Ulikuwa mtoto msikivu."

"Nilidhani ni kwa sababu ya kanisa, Baba."

"Kanisa?" Alicheka kwa pua. "Kanisa limenikosea nini? Nusu ya wateja wangu wanakwaya, wananunua vitambaa vya sare."

Miezi mitatu nilikuwa nimeyaepuka maneno kwa uangalifu wote, nikashika sauti tupu, nikiamini hiyo ndiyo isiyomgusa.

Jikoni Bibi Shaima aliacha kutwanga iliki. Nilijua anasikiliza, maana yeye haachi kutwanga bure.

"Ile ya juzi," alisema Baba, akiitazama mbingu ya Chausiku. "Inaanzaje?"

Nilimwimbia so. Akaitafuta, akakohoa, akaitafuta tena. Sauti yake ni nzito na haijatumika, kama mlango wa stoo. Lakini aliipata. Nikamwonyesha njia ya sauti ya kwanza, hatua kwa hatua, mpaka akaweza kwenda peke yake. Kisha mie nikaingia na yangu chini yake.

Kwenye noti ya tano alikwenda kwingine kabisa. Sikumsahihisha. Nilimfuata huko.